Samaki wa milia kutoka kaskazini ya Nungwi: nguru au wahoo? Na apikwe vipi?

Mhehe_Pwani aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni mtu wa Iringa, nimehamia Nungwi kikazi. Samaki niliowazoea tangu utotoni ni perege na kambale, kwa hiyo mnivumilie. Majirani zangu ni wavuvi, na Jumamosi walinichukua kwenye boti yao ya mashine. Tuliondoka alfajiri tukashika kaskazini, mnara wa taa wa Rasi ukawa mdogo nyuma yetu, mpaka pale wanapopaita Leven, ambapo maji ya buluu iliyokolea yanageuka rangi ghafla kwa sababu chini pameinuka. Tulirambaza mishipi miwili, yaani tuliikokota nyuma ya boti: mmoja una chuchunge kwenye ndoana, mwingine kisamaki cha plastiki chenye manyoya mekundu. Uliopigwa ni ule wa plastiki, tena wakati nahodha ameongeza mwendo ili tuhamie upande wa pili wa mwamba.

Alipotoka majini alikuwa anawaka. Milia ya buluu imemshuka ubavu mzima, kuanzia mgongoni hadi karibu na tumbo. Tulipofika ufukweni milia imefifia, kabaki wa kijivu. Urefu wake unapita mita moja na nusu, mwembamba, pua ndefu, meno makali sana. Mzani ulisoma kilo 21.

Kwenye mnada ndipo ugomvi ulipoanza. Wachuuzi wawili wakasema nguru na wakapandisha bei. Wa tatu akasema huyu si nguru, ni wahoo, akakataa kuongeza hata senti. Mwisho wenye boti wakaamua tumgawane wenyewe. Tulipompasua, ndani ya tumbo lake tukakuta minyoo miwili minene, mieusi-mieusi, mfano wa ruba walioshiba. Kina mama waliokuwepo wakasema asiliwe.

Sisi tumeshamla. Mke wangu alimkaanga kwa mafuta mengi kama tunavyokaanga perege, na nyama ikawa kavu kiasi kwamba watoto waliomba maji kila tonge. Vipande vingine vipo kwenye friji, vimeganda.

Basi naomba mnisaidie: ni samaki gani huyu? Tukirudi tena tumpateje? Na apikwe vipi hadi aonekane samaki wa maana? Jambo la mwisho, jirani mmoja alinunua jodari mwezi uliopita kwa mchuuzi wa njiani, akala, uso ukawa mwekundu na kichwa kikamgonga. Je, huyu wetu anaweza kufanya hivyo?

---

Mchuuzi_Malindi:

Marahaba mwanangu, na karibu Unguja. Kabla sijasema neno, nijibu kitu kimoja. Kwenye ubavu wa kila samaki kuna mstari mwembamba unaotoka nyuma ya shavu kwenda mkiani. Kwa huyu wako, huo mstari ulijikunja kushuka chini mahali gani? Chini ya pezi la kwanza la mgongoni, au mbali kule nyuma karibu na mkia? Na pezi hilo la kwanza, lilikuwa refu na la miiba mingi, au fupi?

---

Mhehe_Pwani:

Nimeangalia picha kwenye simu. Mstari unashuka mapema, katikati ya pezi la kwanza, halafu unakwenda kwa mawimbi hadi mkiani. Pezi ni refu, linaanza karibu kabisa na kichwa. Miiba nimejaribu kuihesabu, nimefika 24, mmoja au miwili sina hakika nayo.

---

Mchuuzi_Malindi:

Basi kesi imekwisha, ni wahoo. Na yule mchuuzi wa tatu aliyegoma kupanda bei alikuwa anaijua kazi yake.

Nikueleze vizuri, kwa sababu huu ugomvi nimeusikia kwenye mnada tangu enzi za soko la zamani pale Malindi mjini, na watu wanaumizana bei bila sababu. Rangi usiitegemee. Wahoo na nguru wote wana milia, na wote wakishakufa hufifia. Nguru milia yake ni myembamba, ya mawimbi, inakuwa mingi zaidi kuelekea mkiani. Ya wahoo ni mipana na inang'aa akiwa hai, lakini saa tatu baada ya kutoka majini usishindane na mtu kwa milia. Shika ule mstari wa ubavuni. Wa nguru unakwenda sawa mpaka chini ya mwisho wa pezi la pili, ndipo unashuka kwa ghafla. Wa wahoo unashuka mapema, kama ulivyoona. Halafu miiba: nguru ana kati ya 15 na 18 kwenye pezi la kwanza, wahoo kati ya 23 na 27. Hesabu yako ya 24 imeingia hapo hapo.

Ukitaka ushahidi wa tatu, fungua shavu, pale samaki anapopumulia. Nguru ana vijimiiba vichache kwenye ule upinde unaobeba nyama nyekundu ya shavu. Pitisha kidole utavigusa. Wahoo hana hata kimoja, upinde wake ni laini.

Kanadi ni mwingine kabisa, ingawa wageni humchanganya. Yeye ana madoa na vijistari vilivyokatika-katika vinavyokwenda kwa urefu wa mwili, wala hafiki ukubwa huo. Anakaa karibu na pwani zaidi.

Na wale minyoo? Wale ndio walionifanya nimtambue samaki wako kabla hujaenda kuangalia picha. Wahoo karibu kila mmoja anao tumboni, na mara nyingi wanakuwa wawili. Wanakaa ndani ya tumbo tu, hawaingii kwenye nyama, na mtu hawamfanyi chochote. Unatupa tumbo, unaosha, unaendelea. Nasikitika sana nikisikia samaki mzima wa kilo 20 na zaidi ametupwa au ameuzwa kwa bei ya chambo kwa ajili ya minyoo hao. Kina mama wa hapo Nungwi waambie kwa heshima, wasiogope.

Sasa nakuja kwenye jambo ninalolijali kuliko yote hayo, nalo ni swali lako la mwisho. Uso mwekundu, kichwa kugonga, wengine hutokwa na vipele, tumbo kuvuruga, na mara nyingine mtu anasema samaki alimwasha ulimi kama ametiwa pilipili. Hiyo haitoki kwenye aina fulani mbaya ya samaki. Ni joto. Jodari, nguru, wahoo, sehewa, vibua, wote hawa nyama yao ina kitu kinaitwa histidini kwa wingi. Samaki akikaa juani, bakteria walioko kwenye mashavu na matumbo wanaigeuza histidini kuwa histamini. Na histamini ikishaingia kwenye nyama haitoki. Moto hauiondoi. Kugandisha baadaye hakuiondoi. Ndimu haiiondoi, chumvi haiiondoi. Tena samaki anaweza asinuke kabisa na bado akawa nayo.

Ndiyo maana mimi nikinunua kwenye boti, swali langu la kwanza si kilo ngapi. Nauliza: alitoka majini saa ngapi, na barafu ilikuwepo? Nikiona boti imerudi adhuhuri, samaki amelazwa juu ya mbao na kufunikwa gunia kavu, simnunui hata kwa nusu bei. Wavuvi wengine hukasirika. Sawa, wakasirike. Mteja wangu ana watoto nyumbani.

Mkienda tena Leven, hata kama mnakwenda kwa mshipi tu, chukueni sanduku la barafu. Si lazima liwe la kisasa. Ndoo kubwa au pipa la plastiki lililokatwa, likafungwa magunia yaliyoloweshwa, linatosha. Samaki akiingia kwenye boti, mpige rungu moja la kichwa ili asijipigize, kwa sababu akipigapiga nyama inachubuka na mwili unazidi joto. Kata chini ya mashavu atoke damu. Kisha pasua, toa matumbo na mashavu yote, jaza barafu ndani ya tumbo lenyewe, na nyingine umfunike. Ukichanganya barafu na maji kidogo ya bahari ndiyo bora zaidi, maana maji yanamgusa kila mahali na anapoa haraka. Samaki mnene katikati yake hupoa polepole, kwa hiyo barafu ya kupaka juu-juu haitoshi.

Jirani yako akipata tena hali ile, dawa za mzio za duka la dawa husaidia na kwa kawaida inapita siku hiyo hiyo. Lakini pumzi ikianza kubana, au midomo kuvimba, aende hospitali bila kungoja.

---

Baharia_Shimoni:

Salaam kutoka upande wa pili wa mkondo wa Pemba. Mzee kamaliza mambo ya kutambua, mimi nitie la kuvua, maana ndiyo kazi yangu kwenye boti za wageni.

Bro, sababu iliyofanya upigwe ule wa plastiki wakati nahodha anaongeza mwendo si bahati. Nguru anapenda chambo cha kweli kinachokwenda taratibu, maili za bahari tatu hadi tano kwa saa. Chuchunge mzima aliyeshonwa vizuri ili asizunguke anafanya kazi kubwa hapo. Wahoo ni wa mwendo. Tunamfuata kwa maili nane, kumi, hata zaidi ya kumi na mbili, na chambo bandia kizito ambacho hakirukiruki juu ya maji. Wala haogopi boti, mara nyingi anapiga mshipi ule mfupi ulioko karibu na povu la mashine.

Mahali ni pale pale ulipoona rangi inageuka. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na kipindi cha kusi unakimbia zaidi. Unapogonga mwamba kama Leven maji yanapanda, dagaa wanakusanyika, na wakubwa wanakaa pembeni penye ukingo. Kwa hiyo msikate katikati ya mwamba, fuateni ukingo wake, mkizunguka kwa nje. Mkiona ndege wanajitupa majini, pitieni pembeni yao, msiwapitie katikati mkawatawanya samaki.

Weka waya kabla ya ndoana. Hili halina mjadala. Meno ya wahoo yanakutana kama mkasi, nailoni ya unene wowote ataikata. Na kitu kimoja ambacho wageni wengi hupotezea samaki: mshipi ukilegea ghafla usiseme ametoka. Mara nyingi anakuja mbio kuelekea boti. Vuta upesi, vuta bila kusimama, mpaka uzito urudi mkononi. Kama mnavuta kwa mkono, vaeni glovu au mfunge vidole kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na kamwe usizungushe mshipi kwenye kiganja. Akishafika ubavuni, kulabu iingie nyuma ya kichwa, na miguu muiondoe njiani. Hata akiwa amekufa, ukigusa taya lake vibaya utashonwa.

Na usidhani kilo 21 ni mkubwa wa mwisho. Rekodi ya dunia ya wahoo ni kilo 83.46, alivuliwa Mexico mwaka 2005.

---

Mama_wa_Kupaka:

Mimi ni wa Mombasa, Mji wa Kale, na baharini siendi. Lakini jikoni nakaa.

Shemeji wa Iringa, mwambie mkeo hakukosea kitu, ila samaki huyo hana mafuta. Nguru ana mafuta kidogo ya kumsamehe mtu, wahoo hana. Ukimtia kwenye mafuta mengi mpaka awe rangi ya kahawia, unakamua maji yote aliyokuwa nayo. Yeye anataka tui.

Mtoe kwenye friji usiku, ayeyuke humo humo ndani ya friji sehemu ya chini, si juu ya meza. (Nimemsoma mzee hapo juu kuhusu joto, na namuunga mkono.) Vipande viwe vinene, vidole viwili au zaidi. Saga thomu, tangawizi, pilipili mbichi na chumvi, kamulia ndimu, mpake, umwache nusu saa, usizidishe kwa sababu ndimu nayo inakausha. Makaa yawe yameshika vizuri na wavu uwe umepakwa mafuta. Mchome kwa haraka, upande mmoja upate alama, geuza, upande wa pili, mtoe akiwa katikati bado hajaiva sawasawa.

Huku pembeni uwe umeshabandika tui zito na bizari, chumvi, pilipili, na ukwaju kidogo au ndimu. Koroga, koroga kwa upande mmoja, moto wa chini, bila kuondoka, la sivyo tui litakatika. Likishakuwa zito la kushika kijiko, mtie samaki kwenye sinia, mwagia tui juu, halafu mrudishe kwenye makaa dakika chache tu ili amalizikie kuiva ndani ya tui lile. Unaendelea kumpaka huku anaiva. Ukimbonyeza na uma na nyama inaachana kwa vipande vikubwa vyeupe, epua. Ukisubiri mpaka iachane kama unga, umerudi kule kule kwenye maji kila tonge.

Wali wa nazi juu yake ni nazi mbili kwenye sahani moja, mimi naona wali mweupe unamfaa zaidi, au mkate wa mofa ukiupata. Wengine watabisha, wabishe.

Kichwa mlikipeleka wapi? Msiniambie mmekitupa.

---

Mhehe_Pwani:

Kichwa alichukua nahodha, mama. Nilidhani ananisaidia kubeba.

---

Mchuuzi_Malindi:

Nahodha hakukusaidia, alijua anachokifanya. Kichwa cha samaki huyo ni chukuchuku ya watu sita. Unakipasua kati, unatoa macho kama hupendi, unachemsha na maji, chumvi, nyanya, kitunguu, bizari ya manjano kidogo, pilipili nzima isiyopasuliwa, na ndimu unaitia mwisho baada ya kuepua. Hakuna nazi, hakuna mafuta. Nyama ya pande za uso na ile ya nyuma ya kichwa ndiyo tamu kuliko zote, na haikauki.

Namuunga mkono bibi wa Mombasa kwa kila alichosema, ila kwenye kukaanga nitatetea kidogo. Wahoo anakaangika. Vipande vinene, mafuta kidogo yaliyopata moto sana, dakika mbili upande huu na mbili upande ule, basi, umwache apumzike kwenye sahani. Mapishi ya perege ya kukausha ndiyo hayamfai.

---

Mswahili_Maskati:

Assalaam alaykum. Babu zangu walikuwa Unguja, mimi nimezaliwa huku Oman na Kiswahili tunakizungumza nyumbani. Nimefurahi kusoma haya.

Huku nguru ndiye mfalme wa soko la Matrah. Kuna chakula kinaitwa mashuwai, nguru mzima anachomwa kwenye kijiti, analiwa na wali wa ndimu. Na kila mwaka serikali inakataza kumvua, kumbeba na kumuuza kuanzia tarehe 15 Agosti mpaka 15 Oktoba ili azaliane. Mwanzoni wavuvi wazee, akiwemo marehemu ami yangu, walinung'unika sana. Mimi naona ni jambo jema, na ningependa kusikia nyinyi wa Unguja na Mombasa mnalionaje. Bibi yangu alikuwa akisimulia majahazi yakishuka na kaskazi kutoka huku yakiwa na nguru na papa wa chumvi, na harufu yake bandarini pale Forodhani. Samaki huyu ametulisha pande zote mbili za bahari, na anavuliwa na kila mtu.

---

Mchuuzi_Malindi:

Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Mimi nimo pamoja na wewe, ingawa ni mchuuzi na miezi miwili bila nguru ingeniuma mfukoni. Wanaoletwa mnadani siku hizi wengi ni wadogo, wa urefu wa mkono, hawajawahi kutaga hata mara moja. Namuona mtoto wa nguru amelala kwenye mchanga wa Nungwi anauzwa kwa fungu pamoja na vibua, na roho inaniuma. Kama hatuwezi kufunga miezi, basi angalau tuache kuwanunua wale wadogo. Mimi nimeacha. Nikiwaona kwenye fungu napita.

Mwanangu wa Iringa, mkienda tena Leven uniandikie kabla. Nitakuagizia barafu kutoka mjini kwa gari la asubuhi, hiyo ya Nungwi mara nyingi hoteli zimeshaimaliza. Na kichwa safari hii kishike mwenyewe.